Mwamba Sebuleni Kiabakari: Matumbawe ya Bahari au Majabali ya Ziwa?

Picha zinazozunguka kwenye simu zimewafanya wengi waamini kwamba tangi la samaki la maana ni la maji chumvi: matumbawe ya zambarau na kijani, taa za bluu, na wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Anayeishi Tanga au Kilwa ana haki ya kulitamani, kwa kuwa bahari iko uani kwake. Aliyeko Kiabakari, kwenye barabara ya kutoka Bunda kwenda Musoma, yuko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Huyo inampasa akae chini na kalamu kabla hajaagiza hata taa. Wengi huanza kwa kuchagua samaki, wakafuatia tangi, na maji wakayaacha mwisho. Mpangilio huo ndio unaoua matangi mengi kabla hayajafika mwaka. Mwenye busara huanza kwenye bomba: maji yanatoka wapi, yana nini ndani yake, na ni viumbe gani waliozaliwa kwenye maji kama hayo.

Tuanze na matumbawe, maana ndiyo yanayotamaniwa. Tangi la kawaida la mwamba wa bahari lina urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60. Hizo ni lita 432. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, hivyo kulijaza mara ya kwanza kunataka kilo 15 za chumvi. Ukibadilisha asilimia kumi ya maji kila wiki, kama inavyoshauriwa, unamaliza kilo moja na nusu kwa wiki, karibu kilo 78 kwa mwaka. Chumvi hiyo si ya Uvinza wala ya mashamba ya chumvi ya Bagamoyo. Chumvi ya jikoni ni kloridi ya sodiamu, na mara nyingi imeongezwa madini joto. Ya bahari ina pia magnesiamu, kalsiamu, potasiamu, salfeti na vingine, kila kimoja kwa kiwango chake. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti. Yanataka kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita na magnesiamu karibu 1,300, na kwa kuwa yanazitumia kila siku, inabidi zipimwe na kurudishwa kwa ratiba. Kwa hiyo chumvi ni ya kuagiza kutoka nje, na vipimo vyake pia.

Wako wanaosema watasomba maji ya bahari yenyewe kwa lori. Lita 432 ni madumu 22 ya lita ishirini, na hayo ni ya kuanzia tu. Kila mwezi utahitaji mengine manane au tisa, yakivuka nchi nzima kwenye jua.

Chumvi ikishapatikana, maji ya kuichanganyia nayo yana sharti. Wafugaji wa matumbawe hutumia maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi, kwa sababu shaba kidogo tu iliyotoka kwenye mabomba au pampu inatosha kuua wanyama wasio na uti wa mgongo, na nitrati na fosfeti huzaa mwani unaoyafunika matumbawe. Mtambo wa kawaida wa nyumbani humwaga lita tatu hivi, pengine nne, ili kutoa lita moja safi. Katika eneo ambalo kizazi cha juzi tu kilikuwa kinafuata maji kwa ndoo kichwani, kumwaga ndoo tatu ili upate moja ya pambo ni jambo ambalo mimi nisingelitetea mbele ya jirani. Na maji hayo safi hayana likizo, kwa kuwa yanayopotea tangini kwa kukauka huacha chumvi nyuma. Usipoongeza maji baridi kila siku, chumvi hupanda na matumbawe hujikunja.

Halafu kuna joto. Matumbawe ni wanyama wanaoishi na mwani mdogo ndani ya miili yao, na mwani huo ndio unaowapa sehemu kubwa ya chakula. Joto likizidi kiwango cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzi moja au mbili, likadumu wiki kadhaa, matumbawe huutoa mwani huo na kubaki meupe. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, El Niño ilipopausha miamba ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, ya Mafia ikiwemo, na sehemu kubwa ikafa. Kama bahari nzima ilishindwa kujipoza, fikiria lita 432 zilizo chini ya paa la bati saa nane mchana mwezi Februari, kisha usiku wa Juni ambao katika nyanda hizi una baridi ya kutosha kudai hita. Tangi la bahari linataka kukaa kati ya nyuzi 24 na 27 mchana na usiku.

Umeme nao tuupigie hesabu. Taa za matumbawe za wati 200 kwa saa tisa ni uniti 1.8. Pampu kuu, pampu za mawimbi na mtambo wa kutoa uchafu kwa povu, jumla wati 95 zisizozimwa, ni uniti 2.3. Hizo ni zaidi ya uniti nne kwa siku, karibu 122 kwa mwezi, na hita haijahesabiwa. Nyumba inayonunua LUKU kwenye daraja la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, itatolewa kwenye daraja hilo na tangi peke yake, hata kama jikoni wanapika kwa mkaa. Umeme wa TANESCO ukikatika kwa saa kumi, pampu husimama, na hewa ya tangi husimama nazo.

Sheria nayo imo. Matumbawe yote ya mawe yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, kwa hiyo kuyavusha mpaka wa nchi kunahitaji kibali. Hapa nyumbani, Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994 ndiyo iliyozaa Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995, na kwenye hifadhi kama hiyo huingii na nyundo. Mtu akikuuzia jiwe hai la bahari bila karatasi, jua unanunua kesi.

Je, basi haiwezekani? Inawezekana. Daktari au mfanyabiashara mwenye sola ya kutosha, mwenye ndugu anayesafiri Nairobi mara kwa mara na mwenye nidhamu ya kupima maji kila Jumamosi, anaweza kuwa na matumbawe Kiabakari. Nampa ushauri mmoja tu: aanze na matumbawe laini, yasiyojenga mifupa ya mawe, maana hayadai kalsiamu kwa ukali uleule na huvumilia makosa. Lakini tusisahau ufugaji huu ulianza vipi. Mmoja wa waasisi wake ni Lee Chin Eng wa Indonesia, ambaye mwaka 1961 aliandika jinsi anavyotunza matumbawe kwa mawe hai, viputo vya hewa na jua la tropiki, bila mitambo. Aliweza kwa sababu aliishi Jakarta, na maji, mawe na mwanga vilitoka jirani. Anayetaka kumfuata Lee akiwa Kiabakari itambidi aulize ni mwamba gani ulio jirani naye.

Jibu liko Mugango, ufukoni mwa Ziwa Victoria. Ufuko wa Musoma umejaa majabali ya matale yaliyopangana hadi chini ya maji, yenye nyufa na mapango, na humo wanaishi furu wa miambani ambao Wasukuma huwaita mbipi. Ziwa Victoria lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za furu, zilizotokea kwa kasi ambayo wataalamu wa mageuko bado wanaijadili, kwa sababu ushahidi wa matope ya sakafuni unaonyesha ziwa lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita. Kati ya 1969 na 1971, uchunguzi wa samaki kwa nyavu za kukokota ulionyesha furu ni karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini. Sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950, aliongezeka ghafla miaka ya 1980, na inakadiriwa spishi takriban 200 zikapotea. Wa miambani waliponea pale sangara asipoweza kuingia. Watu wa Mara wanawajua furu wakiwa wamekaushwa, au kama chambo cha sangara. Wachache wamewahi kumtazama dume wa mbipi akiwa hai, ndani ya maji maangavu, amepandwa na rangi za kuzaliana, naye haachwi nyuma na samaki yeyote wa matumbawe.

Mmoja wao ana jina linalopaswa kuwavutia watu wa Butiama. Mwaka 1985, Els Witte-Maas na Frans Witte, waliokuwa kwenye kikosi cha watafiti wa Leiden kilichofanya kazi Ghuba ya Mwanza tangu 1977, walimwelezea kisayansi furu mpya na kumpa jina la Haplochromis nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Leo anaitwa Pundamilia nyererei. Dume wake ana ubavu wa manjano wenye mistari myeusi, na juu yake mgongo mwekundu. Anapatikana visiwa vya Ghuba ya Mwanza na vya Ghuba ya Speke, kikiwemo Makobe, ghuba ileile inayogusa Bunda. Wafugaji wa Ujerumani, Uholanzi na Marekani wamekuwa wakimzalisha kwa miongo kadhaa, wakitenganisha wa Makobe na wa visiwa vya Python kama mfugaji wa ng'ombe anavyotenganisha mbegu. Mtu wa Stuttgart anamnunulia dukani samaki huyu taa na chujio, na anaweka maji sawasawa na ya Ziwa Victoria kwa kemikali. Kiabakari maji hayo yanakuja kwa bomba.

Hilo la bomba ni la kweli. Mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama, ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuwekea jiwe la msingi Februari 2022, unachota ziwani na kupandisha maji kwenye vijiji vya njiani. Maji ya ziwa ni laini, yana chumvichumvi kidogo, na pH yake kwa kawaida huwa kati ya saba na tisa. Cha kuangalia kabla ya kuyatumia ni klorini ya kuulia vijidudu. Jaza simtanki au pipa lisilo na mfuniko, weka kiputo cha hewa, acha saa 24, klorini itakuwa imetoka. Anayetegemea kisima apime kwanza. Baadhi ya visima vya Mara vina maji magumu au floridi nyingi. Samaki wa ziwa la maji laini anaweza kuyazoea maji magumu kiasi, ila apelekwe taratibu.

Sasa tangi lenyewe. Mbipi hawahitaji kimo. Wanahitaji eneo la chini la kugawana mipaka, kwa hiyo sentimita 120 kwa 50 kwa 45, sawa na lita 270, linatosha na linapunguza gharama. Mgandamizo wa maji kwenye kioo hutegemea kimo cha maji, wala urefu wa tangi hauuongezi. Kwa kimo cha sentimita 45, kioo cha milimita 10 chenye mikanda juu kinatosha, wakati lile la kimo cha 60 lingedai milimita 12. Fundi vioo na aluminiamu wa Musoma au Bunda anaweza kukikata. Cha kumsimamia ni gundi: silikoni iwe safi, inayonuka siki, isiwe ile ya bafuni iliyochanganywa dawa ya kuvu, kwani dawa hiyo itaua samaki polepole na hutajua kwa nini. Iache ikauke wiki nzima, kisha jaza tangi uani na ulale nalo siku mbili kabla halijaingia ndani.

Uzito wa tangi hilo likiwa na maji, kioo na mawe unakaribia kilo 400. Sakafu ya saruji inabeba. Stendi ya skwea paipu iliyochomelewa vizuri inafaa, mradi iwe sawa kwa pima maji na kati ya chuma na kioo pawe na ubao na kipande cha foamu. Liweke mbali na dirisha, maana jua la asubuhi litakuletea mwani wa kijani mpaka usione samaki. Likishajaa, halihami.

Mawe ndiyo mwamba wenyewe, na hapa Kiabakari kuna tahadhari ya mahali. Mji huu ulikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu uliofungwa miaka ya 1960, na uchimbaji mdogo haujakoma Mara. Usichukue mawe, kokoto wala mchanga kwenye marudio ya wachimbaji au karibu na mialo ya kuoshea, kwa sababu ya zebaki na madini mengine mazito. Matale yaliyookotwa mbali na mgodi ni salama na hayabadilishi pH. Yasugue kwa brashi na maji, yaanike juani. Usiyachemshe, kwa kuwa jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka. Yapange moja kwa moja juu ya kipande cha foamu kwenye sakafu ya kioo, ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Ukitanguliza mchanga, furu watauchimba na jabali litaangukia kioo. Panga ili kuwe na milango miwili kwa kila pango, maana jike anayefukuzwa anahitaji pa kutokea.

Kisha subira. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo huchoma mashavu ya samaki, na kadiri pH inavyopanda ndivyo inavyozidi kuwa sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka ubadilishe maji. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kujaa kwenye mawe na sponji. Tia kipande cha chakula kila siku huku tangi likiwa na maji bila samaki, washa chujio, ngoja. Mwenye rafiki anayefuga samaki aombe sponji chafu la chujio lake. Ni zawadi bora kuliko samaki.

Mwanga nao una kisa chake. Watafiti Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walionyesha mwaka 1997 kwamba ziwa linapochafuka na mwanga kupungua, majike hushindwa kutofautisha rangi za madume, na spishi zinaanza kuchanganyika damu. Utafiti uliotoka 2008 katika jarida la Nature uliongeza kwamba macho ya Pundamilia pundamilia, mwenye dume wa rangi ya bluu anayekaa karibu na uso, na ya nyererei anayekaa chini zaidi, yamerekebishwa kwa mwanga tofauti. Kwa mfugaji maana yake ni mbili. Tumia taa nyeupe ya LED, wati 30 hivi, na uachane na zile za rangi moja zinazopendwa kwenye baa. Na usiwaweke hao wawili tangi moja, kwa sababu majike yao hufanana mno na utaishia na machotara ambao hakuna atakayejua ni nani.

Samaki wawe wa spishi moja, kutoka mahali pamoja, dume mmoja au wawili na majike sita hadi wanane. Dume mmoja na jike mmoja ni hukumu ya kifo kwa jike. Majike huatamia mayai mdomoni karibu wiki tatu, na atakayeatamia hatakula, usidhani anaumwa. Chakula cha vifaranga vya sato, ambacho ufugaji wa vizimba umekileta hadi vijiji vya pwani ya ziwa, kikisagwa kinawafaa. Dagaa wa unga watolewe kidogo sana, maana mafuta yake huchafua maji. Kwa chujio la wati 20, hewa ya wati 5 na taa kwa saa tisa, tangi hili linakula chini ya uniti moja kwa siku, karibu 26 kwa mwezi. Betri ndogo ya sola inaweza kuendesha pampu ya hewa usiku kucha umeme ukikatika. Hita ni ya miezi ya baridi tu.

Kuwapata samaki kuna utaratibu. Uvuvi wowote unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya 2003 na Kanuni zake za 2009, kwa hiyo aanzaye afike kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri, hata kama nia yake ni samaki kumi tu. Chuo cha uvuvi cha FETA kina kampasi Gabimori huko Rorya, na walimu wake wanajua zaidi ya mimi kuhusu nyavu zisizokwaruza samaki. Wavuliwe kwenye kina kifupi, kwani anayepandishwa haraka kutoka chini kifuko chake cha hewa huvimba. Ndoo yenye mfuniko na pampu ya betri inatosha kutoka Mugango. Na asiwepo wa kurudisha samaki wa tangi ziwani, hata waliozaliwa humo, wala wa kuleta furu wa Malawi kwa sababu ni wa buluu. Machotara na magonjwa hayarudishwi. Ziwa hili limeshajifunza hilo kwa sangara.

Vifaranga watakaozidi ndio tatizo la mwaka wa pili, na tatizo hilo lina matumizi. Shule za sekondari za Butiama na Musoma zinafundisha baiolojia ya mageuko kwa michoro ya ndege wa Galápagos, ilhali mfano ulio hai zaidi duniani uko mwendo usiofika saa moja kwa gari. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama yanapokea wageni, na nisingeona ajabu yakiwa na tangi la mita mbili la nyererei, lenye kibao kinachosema samaki wametoka kisiwa kipi na walivuliwa lini, kwa maana bila jina la kisiwa hawana thamani ya kisayansi. Maji yatatoka bomba lilelile. Gharama ya kudumu itakuwa mshahara wa mtu mmoja wa kubadilisha robo ya maji kila wiki na kulisha mara moja kwa siku, Jumapili na Siku ya Nyerere, Oktoba 14, zikiwemo. Na kabla ya kununua kioo, uongozi wowote utakaolifikiria jambo hilo uanze kwa kumtafuta mtu huyo.